Maikrofoni Ikipiga Mluzi, Ekwalaiza Isubiri Kwanza

Katika kumbi nyingi za harusi na makanisa yetu, maikrofoni ikianza kupiga mluzi, fundi mitambo huikimbilia ekwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake, na kushusha vidhibiti vyake kimoja baada ya kingine mpaka patulie. Hutulia kweli, ila mhubiri naye huanza kusikika kama anayesemea ndani ya pipa. Kwa maoni yangu, ekwalaiza hutwishwa mzigo usio wake.

Mluzi huzaliwa pale sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa na kutolewa upya, na katika masafa fulani (yaani kasi fulani ya mitetemo ya sauti) ikawa inarudi na nguvu ileile au zaidi. La kwanza, basi, ni kupunguza kinachorudi. Spika kuu zikae mbele ya maikrofoni, si nyuma ya msemaji. Spika ya jukwaani iwekwe upande ambao maikrofoni ni kiziwi, yaani mgongoni kwa aina ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele), au kwenye nyuzi 126 hivi kutoka mbele kwa supakadioidi (inayosikia mbele kwa wembamba zaidi). Msemaji akisogeza mdomo kutoka sentimita 20 hadi 10, hupata takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za bure kabla ya mluzi. Kinyume chake, kila maikrofoni zilizo wazi zinapoongezeka maradufu, desibeli 3 hupotea, kwa hiyo kwaya inayoacha nane wazi huku anaimba mmoja imejinyima desibeli 9. Sisemi habari za washereheshaji wanaofumbata kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, wakaifanya isikie kila upande.

Hayo yakishafanyika, ndipo ekwalaiza ipate kazi. Kwa hotuba, kata kwanza masafa yaliyo chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), kisha pandisha sauti polepole hadi masafa ya kwanza yaanze kulia, uyashushe kwa desibeli 3, upandishe tena. Ekwalaiza ya parametriki, ambayo unachagua mwenyewe masafa na upana wa mkato, hukata kwa wembamba unaoutaka. Ile ya grafiki, yenye vidhibiti 31 vya masafa yaliyopangwa tayari, huburuta na masafa jirani, na ukishusha hezi 2,500 na 3,150 kwa pupa, unafuta konsonanti zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha "pata" na "kata". Masafa kadhaa yakianza kulia kwa pamoja, acha kukata, kwa sababu ukumbi huo umefika kikomo, na kilichobaki ni kuhamisha spika.