Ukitaka kufuga oska Mbeya, anza na chujio

Nitasema bila kumung'unya maneno: matangi mengi ya oska, samaki wa mapambo anayekula nyama, ninayoyaona kwenye kumbi za mapokezi hapa Mbeya yanawatesa samaki. Maji yanameta, taa ya bluu inawaka, wageni wanapiga picha, na samaki mwenyewe kajibana pembeni karibu na uso wa maji, anahema harakaharaka, mapezi yameanza kulika. Ukiuliza, unaambiwa maji ni masafi, si unayaona? Kwa samaki wanaokula nyama, macho si kipimo cha maji.

Mtazame oska akila. Anamdaka dagaa, anamtafuna, anamtema, anamdaka tena, na muda wote huo chembechembe za nyama zinamtoka kwenye matamvua na kuzama kwenye changarawe, zikaoze huko. Alichokimeza nacho kinarudi majini. Chakula chake ni protini, protini ina naitrojeni, na samaki huitoa naitrojeni hiyo kama amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua hayohayo. Amonia haina rangi. Inaweza kuwa inamuunguza samaki huku wewe unasifia maji.

Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi mpaka uipunguze kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukaa sawa, na baridi ya Juni na Julai huwachelewesha zaidi kama tangi halina hita. Ndiyo maana nawalaumu wauzaji wanaomkabidhi mteja tangi, pampu na samaki siku moja. Chujio litangulie, lilishwe amonia kidogokidogo, maji yapimwe. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, samaki aingie. Ukimjua mfugaji mwenye tangi la siku nyingi na samaki wenye afya, mwombe sponji iliyotumika. Utaokoa wiki kadhaa.

Halafu kuna utajiri tunaoukanyaga. Upande wa Rungwe kuna mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu tele yanayoelea ukiyatia majini. Vitundu hivyo ndiyo makazi ambayo bakteria wanayataka. Yavunje, yaoshe mpaka vumbi liishe, yaloweke mpaka yazame, kisha yajaze kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji yapite kwenye sponji kwanza ndipo yafike kwenye mawe. Ukigeuza mpangilio, mabaki ya dagaa yataziba vitundu. Kwa tangi la lita 400 mimi sishuki chini ya pampu ya lita 2,000 kwa saa, na napendelea zaidi ya hapo, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi hushuka pampu inapopandisha maji kupitia sponji chafu.

Sponji isuuzwe kwa maji uliyoyatoa tangini, kamwe isiwekwe chini ya bomba. Klorini inaua bakteria, na ukishawaua umeanza upya huku samaki yumo ndani.

Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji ya joto la nyuzi 26 hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilohilo Dar es Salaam. Bakteria nao wanaihitaji oksijeni hiyo. Mrija wa kutoa maji uukoroge uso wa tangi, na pampu ya hewa iwepo, ikiwezekana ya betri, kwa sababu ya umeme. Ukikatika saa kadhaa, chujio la kufungwa huishiwa oksijeni na kuanza kuoza ndani. Umeme ukirudi usiliwashe hivihivi. Lifungue, mwaga maji yake, suuza, ndipo uwashe.

Wanaofuga wawindaji wa Ziwa Nyasa waongeze umakini. Yupo Nimbochromis livingstonii, anayelala ubavu mchangani kama mfu mpaka vidagaa vimsogelee, kisha anavinasa. Namwona wa kupendeza kuliko oska. Lakini samaki wa ziwa hilo wanataka maji ya pH (kipimo cha uasidi wa maji) karibu 8, na katika pH 8 sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Kiasi ambacho oska angekistahimili kinaweza kumuua huyu. Mimi nisingemtia tangini bila machujio mawili yanayojitegemea, maji yabadilishwe theluthi kila wiki, na mabaki yatolewe kwa mrija kila baada ya mlo.