Aliyejinyima na Aliyekatwa

"Huyo hakupungua, alikatwa." Niliyasikia maneno hayo kwenye shughuli ya ndugu yetu, Tandika. Aliyeyasema ni mama wa makamo tuliyekaa naye mkeka mmoja, na hakujua kwamba anayemsema ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mdogo wangu alikuwa anapita na sinia la wali, amevaa dera jipya, anatembea bila kushika ukuta. Wenzake mkekani wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja alielewa kinachosemwa: kupungua kwa kujinyima ni halali, kupungua kwa kisu ni kuiba mtihani.

Kauli hiyo imenikaa moyoni, maana kama kuna mtu alitakiwa kuiunga mkono ni mimi. Mimi ndiye niliyejinyima. Tulikulia nyumba moja, tukanenepa miaka ileile baada ya kuzaa. Yeye mwishowe alipanda kitanda cha upasuaji, mimi nikabaki na sahani ndogo. Njia zote mbili nimeziona kwa karibu, na sioni sababu ya kuipamba hata moja.

Nilianza nikiwa na kilo 98 kwa urefu wa mita 1.62. Nilipita kote wanakopita wanawake wa Dar: maji ya ndimu na tangawizi alfajiri, mkanda wa kubana tumbo, na "chai ya kukata kitambi" niliyouziwa kwa bei ya gunia la mkaa. Chai ile iliniharisha tu. Kilo tatu ziliondoka kwa wiki, zote maji, zikarudi wiki iliyofuata. Kilichofanya kazi kweli ni kuacha wanga. Wakati huo mazungumzo ya Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, kuhusu kupunguza wanga na kufunga yalikuwa yanazunguka kwenye kila simu, nami niliyafuata kwa moyo wote: mayai, samaki, mchicha, parachichi, mlo mmoja kwa siku. Kwa miezi kumi nilishuka hadi kilo 79. Presha ilitulia, magoti yakaacha kulia ngazini. Sitamruhusu mtu aniambie kwamba miezi ile ilikuwa ya bure.

Lakini shangazi yangu alinivuta uani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepima?" Alikuwa na hofu ya kweli. Kizazi chake kilizika watu wengi waliokonda. Hata Uganda, miaka ya 1980, UKIMWI ulipewa jina la "slim" kwa sababu ya jinsi ulivyomaliza mwili. Na lugha yetu yenyewe imeshachagua upande. Mtu mnene tunamwita "mwenye afya". Ukinenepa umenawiri, ukikonda una jambo. Kwa hiyo anayejinyima kwetu anapigana na njaa yake, anapigana na sinia la watu wote, na juu ya hapo analazimika kueleza kila siku kwamba haumwi.

Kisha uzito ukarudi. Sikuanguka siku moja. Ilikuwa kitumbua kimoja, kisha futari ya Ramadhani, mihogo ya nazi na tambi, kisha msiba wa wiki mbili ambao tulikula kile kilichopikwa. Ndani ya miaka miwili mizani ilisoma 101, kilo tatu zaidi ya nilipoanzia. Nililia chooni nikajiita mvivu. Hilo ndilo jambo ambalo leo linaniuma kuliko kilo zenyewe.

Maana mwili unapopungua haukai kimya. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la runinga la kupunguza uzito. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza, na miili yao ilikuwa inachoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kalori 500 ni karibu chapati mbili za mafuta. Yaani mtu akila sawasawa na jirani yake wa kilo zilezile, yeye ananenepa. Juu ya hapo homoni za njaa hupanda. Mwili unasoma kupungua kama ukame na unafanya kila namna urudishe akiba. Sisi tunaoutazama kwa nje tunasema "hakujikaza".

Wanaotetea kujinyima wana hoja nzito pia, na haitakuwa haki kuipita. Jaribio moja la Uingereza lililotangazwa mwaka 2017 liliwachukua watu wenye kisukari aina ya pili waliogundulika nacho ndani ya miaka sita iliyotangulia, likawaweka kwenye vinywaji na supu za takribani kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 walikuwa wameacha dawa na sukari yao imetulia. Hayo si mafanikio madogo, na hakuna aliyepasuliwa. Ila watu wale hawakuachwa peke yao na maji ya ndimu. Walikuwa na muuguzi au mtaalamu wa lishe aliyewafuatilia mwezi baada ya mwezi. Mimi nilikuwa na simu yangu.

Mdogo wangu alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.58. Ukigawa uzito kwa urefu mara urefu unapata BMI, yaani kipimo cha unene, ya 47. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na usiku alikuwa anakoroma hadi pumzi inakatika, mumewe anamtikisa kwa hofu. Alikuwa ameshajaribu kila nilichojaribu. Aliuza kiwanja chake akaenda nje ya nchi.

Mtaani wanasema "amekata utumbo". Upasuaji aliofanyiwa haukugusa utumbo. Walipunguza mfuko wa chakula wenyewe, wakatoa karibu robo tatu au zaidi na kuacha kitu chembamba kama ndizi, kwa matundu madogo, akiwa chini ya nusu kaputi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Hapa ndipo hoja ya "kuiba mtihani" inapovunjika. Kisu hakikumpa ubavu ambao mimi sina. Kilipunguza sauti ya njaa ambayo mimi nilikuwa napigana nayo kila jioni. Aliniambia wiki ya sita, "Dada, naiona chapati kama naona kitambaa." Mimi ningetoa nini nipate jioni moja ya namna hiyo!

Baada ya mwaka na nusu alikuwa na kilo 82. Dawa za sukari alishaachishwa na daktari. Na haya si ya mtu mmoja: Sweden iliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wanene kuanzia mwaka 1987, nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha vifo kwa waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo. Tahadhari mbili tu: wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na aina za upasuaji wa wakati ule hazikuwa hii ya mdogo wangu.

Sasa upande ambao watu wa mkekani hawakuugusa, na ambao kwangu ndio wenye uzito. Aliporudi nyumbani alirudi na karatasi mbili na namba ya simu. Hospitali iliyompasua ilipokea malipo yote, na baada ya mwezi wa tatu simu haikupokelewa tena. Mwezi wa nane nywele zilikuwa zinakatika kwa viganja, anapanda ngazi anahema, midomo imepauka. Watu walisema ndiyo bei ya kukatwa. Daktari mmoja wa hapa nyumbani alimpima akakuta damu imeshuka hadi 8. Mfuko wa chakula ukipunguzwa, mwili hunyonya madini ya chuma na vitamini B12 kwa shida, na vidonge vyake vilikwisha mwezi wa pili bila mtu kumwambia kwamba ni vya maisha. Angeweza pia kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huwapata wengi wanaopungua haraka. Kiungulia anacho hadi leo. Ramadhani ya kwanza hakufunga, maana maji alikuwa anakunywa kwa vijiko siku nzima, na daktari alimwambia asubiri angalau mwaka na nusu. Alilia siku ya kwanza ya mwezi ule kuliko alivyolia siku ya upasuaji.

Ndiyo maana swali la "njia ya mkato" naliona si swali lenyewe. Anayepasuliwa anaingia kwenye kazi ya miaka 30 au 40: vidonge kila siku, vipimo vya damu kila mwaka, kutafuna taratibu mbele ya watu wanaosema unaringia chakula chao. Swali la kumuuliza ni nani atamfuatilia, wapi, na kwa fedha ya nani. Mwenye majibu, na mwenye mwili unaomuua, simwoni kuwa na sababu ya kuomba radhi kwa yeyote. Asiye na majibu, hata kama ana fedha ya upasuaji, namsihi asubiri.

Kuna na wale wa kilo chache wanaotaka kukatwa kwa ajili ya picha za harusi. Kwa hao nasema hapana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka BMI ya 40, au 35 yenye magonjwa. Ule wa mwaka 2022 umeshuka hadi 35 bila sharti la ugonjwa, na unapendekeza kuanzia 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. Hata huo ulioshuka haukuwalenga wao.

Katikati ipo puto, linalowekwa tumboni kwa kamera inayopita mdomoni, huduma ambayo Hospitali ya Muhimbili Mloganzila wanaitoa. Hukaa miezi sita au mwaka, kisha hutolewa. Maji yake hutiwa rangi ya buluu ili likipasuka mkojo ubadilike rangi na mgonjwa awahi hospitali. Ni hatari ndogo kuliko kisu, lakini siku linapotoka unarudi nilipokuwa mimi na kilo zangu 79: mwili unadai chake. Sindano mpya za semaglutidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, nazo hufanya kazi kwa anayeendelea nazo, na uzito hurudi kwa wengi wanaoziacha.

Mimi sikupasuliwa. BMI yangu ilikuwa 38, sukari yangu ni nzuri, na najijua: kazi yangu ya vitenge inaniweka safarini nusu ya mwezi, vidonge ningevisahau. Sasa nina kilo 91. Nakula ugali wa ngumi moja, mboga nyingi, natembea asubuhi, na nimekubali kwamba 79 huenda sitaiona tena. Presha imekaa vizuri kwenye kilo hizo 91, na daktari wangu hajanilazimisha zaidi.

Jumapili mdogo wangu huja kwangu. Anakula wali kwenye kisahani cha chai, anaacha mwingine. Saa saba simu yake inalia, anameza kidonge cha chuma. Saa tisa inalia tena kwa ajili ya kalisiamu, maana viwili hivyo havitakiwi kukutana tumboni. Kipimo chake kijacho cha damu ni mwezi wa tatu. Nimekiandika kwenye simu yangu pia.