RZA hakuvamia kung fu
Kuna mwandishi anashangaa RZA, rapa na prodyuza wa kundi la hip hop la Marekani Wu-Tang Clan, alitoa wapi ujasiri wa kuongoza filamu ya kung fu. Jamani! Albamu yao ya kwanza, ya 1993, iliazima jina kutoka filamu ya Shaolin ya 1978, na sauti za filamu kama hizo zimejaa humo ndani. Baadaye akatunga muziki wa filamu za Ghost Dog na Kill Bill, akawa anamtazama Tarantino, mwongozaji wa Kill Bill, anavyofanya kazi. Ndipo 2012 akatoa The Man with the Iron Fists, iliyorekodiwa China, Russell Crowe na Lucy Liu wakiwemo. Huo ni uanagenzi, tena mrefu.

Filamu yenyewe? Ngumi safi, ila wahusika ni wengi mpaka unapotea, na RZA kama mhunzi anaigiza kwa uso uleule mwanzo hadi mwisho. Angebaki nyuma ya kamera tu.

Sisi wa Eastlands, Nairobi, tuliolelewa na vibanda vya video, msimulizi wa filamu DJ Afro akitusimulia kila teke (na kuongeza yake), tunamwelewa kabisa. Sasa marapa wetu wa Dandora, hadithi mnazo, nani ataanza kuongoza filamu?