Kupanda Mlima Barcelona

Dada yangu ameolewa Barcelona. Nilipokwenda kumtembelea, jioni moja aliniambia, bila hata kutabasamu: "Kaka, kesho tunapanda Mlima Taber. Kileleni kuna hekalu la Kaisari Augusto."

Mimi mtu wa Marangu, milima naiheshimu. Asubuhi nikatoka na mabuti, sweta mbili, kofia ya mzula, na shanta yenye mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Mwezi Julai huo.

"Mbona shemeji amevaa ndala?"

"Amezoea," dada akajibu.

Tukaingia vichochoro vya mji wa kale, nyuma ya kanisa kuu. Kila kona natazama juu nione mlima, naona nguo zilizoanikwa. Kwenye kichochoro cha Paradís shemeji akasimama juu ya jiwe la kusagia lililozamishwa chini, akanyoosha mikono kama bingwa. Kilele! Ukutani pameandikwa: mita 16.9. Iko minazi Tanga imeuzidi mlima huo.

Hekalu lenyewe limo ndani ya nyumba. Unapita mlango wa watu, unatokea uani, na hapo ndipo nilipoacha kununa. Nguzo 4 za Kirumi, kila moja mita 9 hivi, zina michirizi toka chini hadi juu, na vichwani zimechongwa majani ya mawe kwa mtindo wa Korintho. Zina miaka 2,000. Zama za kati watu walijenga nyumba zao humo humo, nguzo zikamezwa na kuta. Moja ilitengwa na wenzake, ikarudishwa 1956.

Nikainua shingo niyaone yale majani vizuri. Shanta ikanivuta. Nikaenda chini chali, mayai kwisha, kifuniko cha chupa kikafyatuka.

Sasa, jengo hilo hilo ni makao ya chama cha wapanda milima. Mzee mmoja akaja kuniinua, akatazama mabuti yangu, akasema neno kwa heshima.

"Anauliza umetoka mlima gani."

"Mwambie kwetu ni Kilimanjaro."

Sijui dada alitafsiri nini. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaita wenzake. Wakanizunguka: baridi ya kule juu ikoje?

Mimi mwisho wangu ni getini, siku nilipompelekea mjomba mpagazi simu aliyoisahau.

"Kali," nikasema, chai ikinichuruzika mgongoni.