Mpisheni Mwenye Mzigo

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka makala laini kuhusu uzuri wa milima ya Uluguru, pale juu ya mji wa Morogoro, akatafute kwingine. Zipo tele, na zote zina picha ya mawingu.

Ilikuwa Jumamosi, njia ya kupanda Morningside kutoka mjini, pale inapobana kati ya ukuta wa udongo na korongo. Vijana wenye fulana za rangi moja wamejipanga, wameziba njia nzima. Mpiga picha amechuchumaa chini yao. Kutoka juu anateremka mama na mkungu wa ndizi kichwani, kata imeshabonyea, nyuma yake binti mdogo na kifurushi chake. Kijana mmoja akanyoosha mkono kama askari wa barabarani: "Mama, subiri kidogo, utatuharibia picha."

Akasubiri. Ikapigwa ya kawaida, ikapigwa ya kuruka juu, ikapigwa ya kugeuza migongo ili maandishi ya fulana yasomeke. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza shingo, maana shingo ilikuwa na kazi nyingine. Kisha akasema taratibu, wala si kwa kulalamika: "Ndizi za asubuhi na ndizi za mchana si bei moja, mwanangu."

Nimeona wengi wanaopanda kutoka mjini hawajawahi kujitwika hata ndoo ya maji, basi tusemezane. Anayeteremka na mkungu kichwani anategemea mwendo wake: hatua fupifupi, magoti yamelegea kidogo, nyayo zinajua pa kukanyaga kabla macho hayajafika, maana macho yanatazama mbele tu. Ukimsimamisha, uzito wote unamlalia shingoni na magotini. Kutua hawezi. Akitua, nani atamtwika? Yule binti? Ndiyo maana njiani kuna mawe na kingo za kimo cha kifua ambazo wenyeji wanazijua, mahali mtu anaweza kuegesha mzigo, akahema, akajitwika tena bila msaada. Hazina kibao. Nyingi ndizo tunazozikalia sisi kula biskuti na kunywa maji ya chupa, tukisifu mandhari.

Halafu mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unakuwa sabuni. Wewe una buti la mlimani lenye meno na fimbo mbili za kukunja. Yeye ana yeboyebo. Na bado wewe ndiye unayetaka kupishwa.

Kinachonikera hasa ni dhana iliyo nyuma ya ule mkono ulionyooshwa, kwamba njia ni yetu na yeye ameingia kwenye fremu. Jamani! Njia ile haikuchongwa kwa ajili ya haikingi. Ni barabara ya watu wa Ruvuma, Choma na vitongoji vya juu. Ndiyo ya soko, ndiyo ya shule, ndiyo ya zahanati, ndiyo ya msiba. Mgonjwa akizidiwa usiku anashushwa kwa njia hiyohiyo, mabegani mwa watu. Ile nyumba ya zamani ya Wajerumani tunayoishangaa kule juu imewakuta Waluguru wakipanda na kushuka. Koo zao, zinazohesabiwa kwa upande wa mama, zilikuwa na mashamba kwenye miteremko ile kabla ya yeyote kufikiria kuipima milima hii kwa mita.

Nao wamechoka kuambiwa na wageni mlima wao ni wa nini. Wajerumani waliweka mipaka ya msitu. Waingereza wakaja na mpango wao wa matuta ya ngazi, ulioanza kuelekea mwaka 1950, kila kaya ilazimishwe kuchimba kwa jembe la mkono mteremkoni. Kwenye udongo mwembamba kama ule, ukichimba ngazi unafukia rutuba na kuuleta juu udongo usiootesha kitu, na kila mkulima wa Uluguru alilijua hilo. Hawakuulizwa. Mwaka 1955 wakagoma, fujo zikazuka upande wa Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Watu waliomshinda Gavana wa Kiingereza na matuta yake leo wanasimamishwa na fulana. Najua nimekwenda mbali na njia, lakini ukishajua habari hiyo huwezi kuuona ule mkono ulionyooshwa kama utani wa vijana.

Nikubali jambo moja, shingo upande. Watembezi wanaleta fedha. Waongozaji wengi ni vijana wa palepale, na ada za hifadhi zinasaidia kuulinda msitu uliobaki. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, na siombi ifunguliwe kwa mapanga. Mto Ruvu unatoka huko. Dar es Salaam nzima inaoga Uluguru bila kujua. Moto wa kuandaa mashamba umekula mengi, na pale panapoitwa Bunduki, msitu uliounganisha kaskazini na kusini mwa milima ulikatwa kwa mikono ya wenyeji, si ya watalii. Sawa. Lakini mwenye haki ya kumwambia mkulima asichome moto si yule anayemziba njia akienda sokoni.

Wenye spika mgongoni nawapa mistari michache tu, wasijione muhimu. Kuna ndege wa Uluguru mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, ambaye hayupo popote pengine duniani. Anakaa juu kabisa kwenye matawi, na mara nyingi husikika tu, haonekani. Mmelipa nauli, mmelipa mwongozaji, mmelipa hifadhi, mkaja kumfunika kwa singeli. Singeli naipenda. Morogoro, mji kasoro bahari, ina kumbi za kutosha.

Takataka sizungumzii, nyote mna mifuko.

Kwa wanaosema "sasa tufanye nini, tusipande?", pandeni. Mkisikia hatua au kikohozi juu yenu kwenye kona, jipangeni mstari mmoja, tokeni njiani, na simameni upande wa mlima, si upande wa korongo, mtu asiwagonge na mzigo mkaporomoka. Salimieni. Shikamoo ni bure na haichukui nafasi kwenye begi. Msimshike bega kumsaidia bila kuombwa, mtampotezea mizani. Mkimkuta amefika kwenye jiwe la kupumzikia, mwacheni atue, na akitaka kuondoka muulizeni kama anataka kutwikwa. Hapo ndipo mtajua mkungu una kilo ngapi. Msimpige picha kwa siri halafu mkaandika chini "maisha halisi ya mlimani".

Na anayependa mazingira kwa dhati asipite mashambani mbiombio akiutafuta msitu, kana kwamba migomba ni ukumbi wa kusubiria. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo ambako mvua haina msimu wa kukata tamaa, utakuta shamba moja lina mnanasi chini, mgomba juu yake, mfenesi juu ya mgomba, na pilipili manga imejisokota kwenye shina. Mtu amepanda kwa ghorofa! Upande wa Mgeta hali ni nyingine kabisa: baridi, kabichi, karoti, stroberi, na miteremko ambayo ukiitazama unajiuliza mwenye jembe anasimama wapi. Maporomoko ya Hululu yako huko, na njia ya kuyafikia inapita katikati ya kazi za watu. Mimi ningekwenda Mgeta mara kumi kabla ya kupanga foleni ya picha Morningside, lakini hiyo ni ladha yangu, na barabara ya kwenda Mgeta wakati wa mvua ni ugomvi wa siku nyingine.

Kuhusu muda, wanaopanga safari za makundi wanaweza kutusaidia sana. Wa sokoni wanateremka alfajiri hadi asubuhi. Kundi kubwa likianza kupanda saa tatu au saa nne, litakuwa limewapisha wengi wao bila hata kujua. Ila msidhani mchana ni wenu peke yenu. Mchana wanarudi, na safari hii wanapanda: unga, sukari, chumvi, ndoo mpya, na siku nyingine mabati. Mtu mwenye bati kichwani kwenye kona ile ya korongo ni mpana kuliko njia, hana pa kugeukia, na upepo ukivuma anachezeshwa nalo. Mkimwona, picha iacheni, rudini nyuma wote mpaka penye nafasi.