Msiwaite "waliobaki"

Shule ikiamua kuandaa mchezo wa kuigiza, mambo huanza vilevile kila mwaka. Mwalimu wa fasihi anachagua wenye sauti, wasio na haya, na yule msichana anayeweza kulia machozi ya kweli. Wakishapata nafasi zao, anawageukia wengine: "Haya, waliobaki mtasaidia huko nyuma."

Neno hilo linaniuma mpaka leo, maana na mimi nilibaki. Na ninalipinga, kwa sababu tamthilia niliijulia huko huko nyuma.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Mchezo ulikuwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapwa mwaka 1969, unaohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo wapiganaji waliamini maji ya dawa yatawakinga na risasi za Wajerumani. Darasani tulishausoma kimtihani: dhamira, wahusika, ujumbe, mbinu za kisanaa. Ningeweza kukujazia kurasa mbili za majibu bila kumfikiria hata mara moja Kinjeketile mwenyewe, yule mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.

Jukwaa letu lilikuwa meza za bwalo zilizofungwa pamoja kwa kamba za katani, juu yake tukatandika mikeka. Pazia lilikuwa mashuka ya bweni la wasichana yaliyoungwa kwa sindano ya mkono. Kati ya mashuka hayo na ukuta wa jiko palibaki hatua mbili tu, na humo walijibana wapiganaji kumi na wawili, mikuki, bunduki za mbao, benchi na ndoo, huku moshi wa kuni ukipenya dirishani. Hata tochi hatukuwasha, maana vivuli vyetu vingeonekana kwenye mashuka. Kila kitu ulikitambua kwa mkono. Mpaka wiki ya mwisho ya mazoezi, ukinipa mkuki gizani ningekwambia ni wa nani kwa kupapasa mpini wake tu.

Na maneno pia. Mwigizaji anajua maneno yake na yale yanayomtangulia, basi. Mimi ndiye niliyewakumbusha waliosahau, kwa hiyo nilikuwa na ya wote kichwani. Nilijua pale ambapo mhusika Kitunda husita, na nilijua anasita kwa nini.

Tulikuwa na dada mmoja wa kidato cha nne aliyesimamia maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Kijana aliyecheza Kinjeketile alitaka amwagiwe ndoo nzima kabla ya kutokea, ili watazamaji wamwone anachuruzika kama mtu aliyetoka mtoni. Mwalimu akakubali. Dada yule akakataa katakata, akasema, "Samahani Mwalimu, wazee wanasimulia kwamba alilala majini, kesho yake akatoka na nguo kavu. Kama angelowa, nani angemwamini?" Bwalo zima likanyamaza. Mwalimu akafikiri, akasema ndoo irudishwe jikoni. Kati yetu sote, aliyeushika mchezo vizuri zaidi alikuwa mtu wa sindano na kaniki, ambaye hakuwa na hata sentensi moja ya kusema jukwaani.

Ndiyo maana nasema walimu wetu wanakosea. Kazi ya nyuma wanaipa hadhi ya kupanga viti, kisha siku ya wazazi wanapanda waigizaji peke yao kupigiwa makofi, na majina yanayosomwa ni yao peke yao. Zungusheni kazi. Aliyekuwa mfalme muhula huu, muhula ujao ashike pazia. Aliyeshona maleba aulizwe darasani kwa nini kashona vile, na jibu lake lipewe alama kama insha yoyote. Kule Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho siku hizi ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na ufundi wa jukwaa ni somo ambalo watu wazima wanalisomea. Mtoto wa kidato cha pili anawezaje kujua kwamba ipo njia hiyo, ikiwa shuleni kwake nyuma ya pazia ni mahali pa kutupiwa?

Sasa niwaambie ya chungu, sijawahi kumsimulia mtu.

Mwalimu alitaka wapiganaji wanyunyiziwe dawa mbele ya watazamaji, kwa mgwisho uliochovywa chunguni. Kujaza chungu ilikuwa kazi yangu, na nilikijaza. Lakini kijana aliyecheza ofisa wa Kijerumani alikuwa amepakwa unga wa muhogo usoni, na alitakiwa arudi upesi akiwa mpiganaji. Gizani alipapasa akitafuta maji, akapata chungu, akajimwagia yote. Niliponyanyua chungu kumpa mganga nikahisi ni chepesi. Nikamnong'oneza, "Hamna kitu." Akakichukua hivyo hivyo, akapanda.

Nilichungulia kwenye mshono wa mashuka. Alichovya mgwisho kwenye chungu kitupu, akaurusha juu ya vichwa vyao. Wakafumba macho. Mmoja akajifuta uso kwa kiganja, taratibu. Kwenye viti vya mbele watoto wakarudi nyuma wasilowe.

Baadaye, katika onyesho la gerezani, nilikuwa nimeshika mnyororo wa geti, nikiutikisa kila Kinjeketile anapojisogeza. Ofisa anamtaka aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Kinjeketile hasemi. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwenye mazoezi mara nyingi mno, lakini jioni ile mikono ilinitetemeka, na mnyororo ukalia mahali ambapo haukutakiwa kulia.

Tulipokuwa tunabeba meza kuzirudisha, mtoto wa kidato cha kwanza alinifuata.

"Kaka, yale maji yametufikia mpaka sisi wa mbele," alisema, akinionyesha mkono wake. "Ya baridi!"

Chungu nilikuwa nimekikumbatia. Nikamwuliza yamemwangukia wapi, akanigusisha pale pale, juu kidogo ya kifundo.