Sikuwa nimelewa, nilikuwa nimekufa

Haya, maana naona mpaka watu wa Makambako na Songea wananitumia ile klipu wakiuliza "ticha, huyu si wewe?" Ndiyo, ni mimi. Yule mwenye shuka jeupe na pamba puani anayemtazama mgeni rasmi machoni ni mimi, na yule mnayemsikia anacheka mpaka simu inatikisika ni mwalimu mwenzangu wa Jografia, ambaye tunakaa nyumba moja, tunachangia luku moja, na juzi tu nilimkopesha hela ya gesi. Kairusha grupu la walimu, ikahamia grupu la wazazi, kutoka hapo ikawa inatembea yenyewe. Na chini yake kaandika "ulanzi si wa kuchezea".

Sasa tuanzie hapo hapo kwenye ulanzi. Ulanzi ni wa Iringa na Njombe huko, unagemwa kipindi cha mvua mianzi ikichipua, mahafali yetu yalikuwa Oktoba, vumbi mpaka kwenye kope, huo ulanzi mbichi mimi wa huku Uyole, Mbeya, nimeutoa wapi? Na huyu mtu ana digrii ya Jografia jamani. Angesema kimpumu, pombe ya huku kwetu, ningesema sawa, angalau anajaribu.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekufa. Tulieni nieleze.

Mambo ya mahafali ya kidato cha nne mnayajua. Mtihani wa NECTA ni Novemba, kwa hiyo Septemba na Oktoba kila Jumamosi ukipita barabarani ni maturubai na spika, watoto wanaagwa kabla hata hawajaufanya huo mtihani wenyewe (hili huwa silielewi, mtu unampongeza kwa kuhitimu halafu Jumatatu unamwambia karudie logarithimu, ila sio mada ya leo). Ada ilifutwa 2016, sawa, ila sherehe haikufutwa, mzazi atatafuta taji la maua ya plastiki, atatafuta keki, atatafuta mpiga picha na haisi ya kuleta ukoo mzima kutoka Rungwe.

Kamati ikanipa kazi mbili. Ya kwanza kuandika majina kwenye vyeti, kisa eti nina mwandiko mzuri. Watoto mia na kitu, kalamu ya wino, na huku kwetu kila jina la ukoo linaanza na Mwa, ukikosea herufi moja baada ya hapo umeshamhamishia mtoto kwa baba mwingine, ukoo wote unakuja ofisini. Nilimaliza majogoo yanawika. Ya pili igizo, maana mimi ndo mlezi wa klabu ya sanaa na ndo niliyeandika.

Igizo lenyewe fupi tu. Mzee mwenye mashamba anajifanya kafa ili aone ndugu zake watafanya nini. Ndugu wanakuja msibani, machozi hayajakauka wameshaanza kugawana mashamba, wanashikana mashati, halafu kuna shangazi mmoja anawafokea wote wananyamaza, na pale panapotulia tu, marehemu anainuka, anasema maneno yake, ndugu wanatawanyika, watu wanapiga makofi. Kwa hiyo alama ya marehemu kuinuka ni kimya. Shikeni hapo hapo. Kile kimya tumekifanyia mazoezi mwezi mzima, nawaambia watoto kila siku, pakitulia, marehemu amka.

Marehemu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mrefu, mtulivu, kipaji cha kulala anacho. Asubuhi ya mahafali hayupo. Tafuta hosteli, tafuta madarasani, kuja kumpata yuko jikoni kwenye pilau, kavaa aproni ya mama mpishi anakata vitunguu, ananiambia "mwalimu, huku wameniomba nisaidie." Aombwe na nani, kafuata nyama yule. Ukimtoa kwa nguvu atakununia mpaka jukwaani. Basi wale watoto wakaniangalia. "Mwalimu, si wewe unaijua sehemu yake?" Kweli naijua, nimeiandika mimi. Mistari mitatu, iliyobaki ni kulala. Na mimi usiku mzima nimekesha na vyeti. Asee, ile niliiona ni ofa.

Wakanipaka poda usoni mpaka nikawa mweupe, wakanitia pamba puani, wakanilaza kwenye kitanda cha hosteli pale mbele pembeni ya meza kuu, shuka mpaka kichwani.

Mgeni rasmi kwenye ratiba alikuwa aingie saa nne. Saa sita hayupo. Kakwama njiani, barabara yetu mnaijua, ule ujenzi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi, na malori yote ya Tunduma yamejipanga mbele yako, ukishakwama pale Mafiati hata uwe na suti na hotuba haisaidii kitu. Watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, emsii akaona hapa nitabaki na viti, akasema leteni igizo.

Mwanzo ulienda vizuri sana. Nikafa, watu wakacheka. Wale mabinti wakaangusha kilio, kile cha kwetu chenyewe cha kujigaragaza, mpaka kuna mama kule kwenye turubai nikamsikia naye anawaitikia. Mimi chini ya shuka nimetulia zangu. Sasa nyie mnaoijua Mbeya ya Juni, ya masweta mawili na kikombe cha chai mkononi, ya Oktoba hamuijui. Oktoba ndo joto letu, mvua bado, jua la saa saba limenikalia juu ya shuka, kilio kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka. Nakumbuka ndugu wa kwanza akisema "shamba la bondeni ni langu." Wa pili alisema nini sijui mpaka leo.

Yanayofuata nimehadithiwa. Kumbe katikati ya ugomvi honi zikasikika getini, mgeni kafika. Emsii kakata igizo palepale, wote wasimame, skauti wakakimbilia gwaride lao, na waigizaji wangu ndo haohao wanakwaya, wakatimua kwenda kuvaa sare. Msiba ukavunjika. Wale ndugu waliokuwa wanagombea mashamba yangu wakahamia kumwimbia mgeni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuja kumwambia marehemu kwamba mipango imebadilika.

Na shughuli ikaendelea! Ngonjera ikapita, risala ikasomwa, changamoto za shule zote zikatajwa, maabara haijakamilika, nyumba za walimu hazitoshi, mwalimu mwenyewe yupo hapo kalala nje. Mama mmoja wa kamati kaona pale pana kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe, akajua ndo meza ya zawadi, akazipanga. Juu ya miguu yangu. Madaftari, kamusi, mikebe ya hesabu, na ndoo ya bati ya darasa lililoongoza kwa usafi. Picha nimeziona. Kuna moja mwenyekiti wa wazazi anaongea na simu kaegemea goti langu.

Wanasema nilikuwa nakoroma. Wazazi wakajua ni jenereta.

Sasa ikafika hotuba. Mgeni rasmi kaongea kaongea, akafika mahali akasema, ndugu wazazi, kabla sijaendelea naomba tusimame dakika moja tumkumbuke mzee wetu, aliyelitoa shamba lake watoto wetu wakapata shule, ambaye ametutoka mwaka huu.

Mnaona tunapoelekea? Hamjaona bado.

Wakasimama wote. Kofia zikavuliwa. Didjei akazima muziki. Mkuu akamnong'oneza mlinzi akazime na jenereta, mlinzi akasema mkuu, jenereta halijawashwa leo, umeme upo. Mkuu akageuka aangalie ile ngurumo inatoka wapi, na muda huohuo ngurumo ikakata. Ikakata kwa sababu mimi nimeamka. Mtu aliyelala tivii inaongea, ukiizima ndo anashtuka, si mnajua.

Nikafungua macho, weupe mtupu. Niko wapi? Nikavuta hewa, haipiti, kuna pamba. Aaah, kumbe nimekufa. Akili ikawa inarudi kidogo kidogo, vyeti, kitanda, igizo, shamba la bondeni... na kimya. KIMYA! Mama yangu, zamu yangu imefika! Watoto wa watu wamenyamaza pale wanatazamana wananisubiri, wazazi wameketi wanaangalia, mwalimu mzima naharibu kazi ya mwezi mzima. Nikaisikiliza tena ile kimya, nikasema hawa watoto leo wameiva, kwenye mazoezi hawakuwahi kutulia hivi, hata kikohozi hakuna. Nikahisi uzito miguuni, nikajua wameongeza ubunifu wao. Safi sana.

Nikainuka.

Na sikuinuka ovyo jamani. Niliinuka nilivyowafundisha, mgongo umenyooka, polepole, mikono mbele, shuka bado liko usoni. Madaftari yakaanza kuporomoka moja moja, pa, pa, pa. Halafu ndoo. Ndoo ya bati ikagonga sakafu ya zege, ikabingirika, krrrrr, ilichukua muda wake, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha mgeni rasmi. Nikasikia mtu mmoja tu anasema "Yesu." Mimi moyoni nasema imekubali hii.

Nikatoa sauti. Sauti yenyewe ya pamba puani, nzito, ya uzeeni.

"NANI KAWAAMBIA MIMI NIMEKUFA?"

Kwenye igizo hapo ndugu wanatakiwa wapige ukunga. Kimya. Nikaona watoto wamesahau, mwalimu kazi yako ni kuwaokoa, nikaenda mstari wa pili, nikaongeza na sauti:

"NA SHAMBA LANGU NANI KAWAPA RUHUSA YA KUGAWANA?"

(Chekeni, chekeni tu, mimi nasubiri.)

Ndo pale sasa, kutoka viti vya mbele, ikaja sauti ya bibi. Haina hofu hata kidogo, sauti ya mke ambaye mazungumzo haya ameshayafanya sana nyumbani kwake:

"Baba watoto, si ulisaini mwenyewe?"

Huu mstari sijauandika mimi. Nikashusha shuka taratibu mpaka puani. Nilichokiona ni watu wote wamesimama, vichwa wameinamisha ila macho yamenipandia, mgeni rasmi kakumbatia karatasi za hotuba, mchungaji kanyoosha mkono kunielekea ila maombi yamegoma kutoka, na bibi wa watu, mjane mwenyewe, macho yake hayaoni vizuri, kaegemea fimbo anasubiri nimjibu. Pembeni yake mtoto wake mkubwa, suti ya kahawia, kashapanda juu ya kiti: "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Siku zote nasema hili shamba halikutolewa lote!"

Ningenyamaza hapo yangeisha. Ila mimi nilikuwa na mstari wa tatu, na mdomo ukishazoea kitu hauulizi. Uso mweupe wa poda, pamba puani, namtazama mgeni rasmi machoni:

"Haya, kila mtu arudishe alichochukua."

Na yeye, naapa, kulikuwa na mfuko wa mchele wa Kyela pembeni ya kiti chake, zawadi aliyokabidhiwa baada ya risala, akausogeza kwa mguu kuja upande wangu.

Klipu ya yule mtu wa Jografia inaanzia hapo. HAPO! Yote niliyowasimulia kakata, kabakiza zimwi linamdai kiongozi mchele.

Baada ya hapo ni vurugu, kwaya ilikimbilia vyooni, turubai moja lilianguka, mgeni kaondoka bila kumalizia hotuba, vyeti kagawa mkuu na mwandiko wangu hakuna aliyeusifia. Pilau nilikuta limeisha. Yule kijana wa kidato cha tatu alikula sahani mbili. Jumatatu nikapewa barua ya kujieleza, na watoto sa hivi wakipishana na mimi koridoni ni "shikamoo marehemu" na mimi kwa kuchoka naitikia marahaba.

Kwa bibi tulienda na mkuu kuomba radhi. Hakukasirika hata kidogo, katupa ndizi na maparachichi, kanishika mkono muda mrefu anasema sauti ndo yenyewe, hata ile ya kukaripia. Mkuu alikuwa anaangalia dari.

Ishu ni huyu mtoto mkubwa. Jumamosi ameitisha kikao cha ukoo waje wapime mipaka upya, jana usiku kanipigia, anasema na mimi lazima niwepo. Nikamwambia kaka, mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu, mambo ya ardhi siyajui.

Akasema hamna shida mwalimu, wewe njoo na lile shuka.